Pumzi ya Kaka Yangu Mzamiaji

Mjukuu wangu Furaha,

Sisi huku Kisangani tu wazima. Mama yako amerudi salama kutoka Isangi. Umeuliza jinsi pumzi inavyopimwa. Kaka yangu, mzamiaji wa bandarini, alipimwa mbele yangu. Angeshindwa, angeachishwa kazi. Daktari aliipindua chupa kubwa iliyojaa maji ndani ya beseni, akampa mrija apulize ili hewa iyasukume maji nje. Kaka alipuliza kidogo, akaibana pumzi iliyobaki, kama afanyavyo mtoni.

"Papa, unamuchungia nani hewa?" daktari akacheka. "Toa yote."

Kaka akapuliza mpaka chupa nzima ikaisha maji.

"Ingine iko ndani bado," daktari akasema kwa heshima. "Ile haitoki hata kwa nguvu."

Kesho yake kaka alipozama, nilimsubiri ukingoni bila hofu kwa mara ya kwanza, nikiikumbuka ile hewa isiyotoka.

Babu yako