Ujumbe wa Bima Ulikuja kwa Simu Yako

Baba,

Nakuandikia kwa Kiswahili, kama ulivyonifundisha kila Jumamosi kwenye meza ya jikoni. Nataka kukupa habari za nyumba, maana uliinunua kwa miaka yako ya kazi kule ghalani Wetherill Park, na nusura tuipoteze.

Ulipofariki tulikuwa bado tumefungiwa ndani kwa sababu ya korona. Watu wengi walikulilia kwenye skrini. Vizuizi vilipolegezwa tukaondoa matanga hapa ugenini, Seven Hills, na vitu vyako vikagawanywa kama desturi yetu inavyotaka. Simu yako alipewa baba mdogo Safari. Hakuna aliyekumbuka kwamba kampuni ya bima ilikuwa inakuandikia kwenye simu hiyo.

Kisha zikaja mvua. Redio ikatangaza dhoruba kubwa, na kile kijito nyuma ya uzio kilikuwa kimeshabadilika rangi. Mama akaniomba nipige simu kwenye bima, kuhakikisha tu. Mwanamke aliyepokea aliuliza kama anaweza kuzungumza na wewe. Nikamwambia umefariki. Sikuwahi kulisema neno hilo kwa Kiingereza kwa mtu nisiyemjua. Alinipa pole, kisha akamtaka Mama awe karibu nami, nimtafsirie.

Bima yetu ilikuwa imekwisha, Baba. Walikuwa wametuma ukumbusho mara nyingi, na hakuna aliyejibu. Mama angeweza kuchukua nyingine papo hapo, lakini hasara za dhoruba hii zisingelipwa, kwa kuwa ilikuwa imeshatangazwa.

Nilitaka kuitupa simu nilie. Nikakumbuka ulivyokuwa ukiniambia nikikutafsiria mambo ya ofisi: "Usikate simu kabla hujaelewa." Nikauliza kwa nini. Yule mwanamke akaeleza taratibu kwamba kama watu wangeruhusiwa kununua bima wakishaliona wingu, kila mtu angesubiri wingu, na pesa za kuwasaidia wanaopata hasara zisingekuwepo.

Mama alifikiri, akasema, "Kumbe ni kama mchango wa msiba kule kanisani. Huwezi kujiunga maiti ikiwa tayari sebuleni."

Nikatafsiri. Yule mwanamke akacheka kidogo na kusema ndivyo hasa. Mama akaniambia, "Mwambie aandike hiyo bima mpya. Mvua haitakuja mwaka huu tu."

Baba mdogo Safari alifika jioni ile na vijana wa kanisani, wote wamevaa barakoa. Alikuwa ameitunza simu yako, anaichaji, lakini hakuwahi kufungua ujumbe hata mmoja. "Ningeanzaje kusoma barua za kaka yangu?" aliuliza, na uso wake ulinitia huruma hata kabla Mama hajamtania. "Shemeji, umeilinda simu kama yai, nyumba ukaiacha uchi." Wakacheka wote wawili, kisha Mama akajifuta macho kwa kitenge.

Baba mdogo na vijana wakasafisha mifereji ya paa, kazi yako ya kila mwaka. Tukapandisha friji juu ya matofali, na vitabu vyako juu ya kabati. Asubuhi maji yalivuka uzio, yakafika kwenye ngazi ya nyuma, yakasimama. Mama alikuwa anasali. Mimi niliyatazama dirishani nikijiuliza ni nini kinachoyaambia maji yakomee hapa, yasiende pale. Bado sijui. Nimemuuliza mwalimu wa jiografia, amenipa ramani niichunguze.

Yaliporudi nyuma yalikuwa yamechukua lengalenga zote za Mama, mchicha wake wa bustanini, na mabuti yako ya kazini, yaliyokuwa bado mlangoni. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuyagawa.

Baba mdogo ameturudishia simu. Aliniomba nifungue ujumbe yeye akiwa amesimama kando. Ukumbusho ulifuatana, kila mmoja ukikuita kwa jina na kukuomba ujibu. Nilisoma polepole, kwa sababu ni muda mrefu sijaona mtu akikuandikia kana kwamba upo.

Jana uliingia ujumbe mwingine, kwa namba yako ileile. Mara hii wamemwita Mama kwa jina lake. Nyumba ina bima. Mama aliniomba niusome tena, akasikiliza jina lake, kisha akaenda kupanda lengalenga.

Pumzika, Baba. Kila ujumbe utakaoingia kwenye simu hii nitaufungua, anga likiwa bado safi. Na nisipoelewa, sitakata simu.

Binti yako,
Neema