Ndoo Niliyoisubiri Kutwa

Jumamosi, Julai

Nimetimiza miaka arobaini na tano nikiwa mkavu kama kuni.

Tangu asubuhi nilivaa gauni kuukuu na simu nikaifungia kabatini, maana nilijua Upendo na Anna wanakuja. Tulipokuwa chuo pale Makumira walinimwagia ndoo tatu siku yangu ya kuzaliwa, moja ya maji ya kudekia. Ilikuwa Julai hii hii. Nilikimbizwa hadi kwenye migomba nikicheka mpaka nikakosa pumzi.

Leo wamekuja na masweta na chupa ya chai ya tangawizi. Keki haikuwa na sukari, kwa heshima ya kisukari cha Anna. Saa kumi na moja tayari wanaaga, eti ukungu.

Mimi nimejipitisha karibu na bomba mara nne. Nne! Mwishowe nikamsogezea Upendo ndoo kwa mguu.

"Mama Glory, na baridi hii? Na hicho kifua chako?"

Akachovya vidole, akaninyunyizia matone matatu kichwani kama mchungaji anayebatiza. Anna akapiga picha. Kwenye grupu wameandika, "Tumemlowesha!"

Marafiki wa kweli hao. Wananibeba kama yai.

Walipoondoka nikaichukua ile ndoo, nikajimwagia yote mwenyewe pale uani. Nilipiga kelele hadi jirani akachungulia.

Sasa nimejifunika mablanketi mawili na kifua kinabana kweli. Upendo akipiga simu kesho, nitamwambia ni vumbi.