Nilibomoa Maktaba ya Binti Yangu

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisaidie maana aibu imenikaba, mimi ni fundi mwashi, mwaka wa ishirini sasa, na binti yangu wa miaka kumi na mitatu anajenga mji ndani ya kompyuta pamoja na wenzake wa darasani, kila mmoja akiwa kwao, ni kazi waliyopewa na mwalimu wa hesabu, wapime na wakadirie, nami nikawa namtania kwamba mji gani huo usio na vumbi. Jumamosi alitoka na mama yake akaacha kompyuta wazi, nikachungulia nikakuta maktaba ndefu, ukuta umepinda, madirisha hayana linta ya kubeba ukuta juu yake, na mshauri, nikiona ukuta uliopinda mkono unaniwasha, kazini mwanafunzi wangu akikosea timazi nabomoa aanze upya, basi nikabonyezabonyeza nikibomoa mpaka nikafika kwenye msingi, nikijua akirudi nitamwelekeza. Kumbe ilikuwa kazi ya wiki sita na hairudishiki. Akalia, akamshuku rafiki yake kipenzi, anayejenga naye mji huo, kwa sababu jana yake walibishania rangi ya paa, wakatukanana kwenye simu, na mimi nipo hapohapo nakunywa chai. Sasa hawasalimiani. Juzi akaniambia, "Afadhali wewe, baba, hujawahi kunidanganya." Nifanyeje?

Fundi mwenye haya

Pole, fundi, ingawa pole yangu ni ndogo. Kubomoa ulibomoa kwa mazoea, hilo ningelisamehe. Lakini kumwachia mtoto wa watu abebe lawama yako ni uoga mtupu. Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Wewe bado umesimama wima na kikombe mkononi.

Wala usijifariji kwamba ule ni mchezo tu. Watoto walipima, wakabishana, wakaelewana. Humo ukuta ukipinda hauangukii mtu, ndiyo maana mwalimu aliwapeleka wakakosee humo.

Leo hii mwambie binti yako, "Ni mimi niliyebomoa." Habari za linta ziache. Akikununia siku tatu, vumilia. Kisha nendeni nyote wawili kwa rafiki yake, umwombe radhi mbele ya wazazi wake. Mtu mzima kumwomba mtoto msamaha hakumpunguzii kitu. Watoto wakikubali, ingia kwenye mji wao kama saidia fundi, ufanye unachotumwa. Ushauri utatoa ukiulizwa. Usipoulizwa, beba matofali.