Utando wa Njano

Jumamosi, 4 Mordad
Utando umeharibika tena. Perovskaiti, kemikali ya kugeuza mwanga wa jua kuwa umeme, ikipashwa moto inatakiwa igeuke nyeusi, ing'ae mpaka ujione uso. Wangu njano, una vitobo kama sangak, mkate wetu wa Kiajemi uokwao juu ya kokoto. Jumatano kamati inakuja kutazama nikitengeneza seli ya jua mbele ya macho yao. Nikishindwa, nafutiwa masomo. Miaka sita yote! Ee Mungu.

Jumapili, 5 Mordad
Leo ilianza vizuri. Kioo kinazunguka kwenye mashine, mkono umetulia, nataka kudondosha lile tone la kugandisha utando — umeme ukakatika! Tunatafuta umeme wa jua na wa ukutani hatuna. Behrang, mwenzangu wa maabara, alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nililia. Poda ya kutengenezea utando imebaki vumbi tu.

Jumatatu, 6 Mordad
Nimeshuka kwa Daktari Vaziri, maabara ya chini. Anayo chupa nzima ya poda ileile, imekuja toka Dubai ndani ya sanduku la nguo. "Chukua yote, binti yangu. Ni yako." Nikakataa, kama nilivyolelewa. Akasisitiza. Nikakataa tena — nani hupokea kabla ya mara ya tatu? Nikaingoja ya tatu. Simu yake ikalia. Akairudisha chupa kabatini, akafunga kwa ufunguo, akanisindikiza mpaka mlangoni kwa heshima zote.

Mjinga mimi. Mjinga!

Behrang: "Kwani ulialikwa pilau, Taraneh? Hiyo ni kemikali, dada!"

Jumanne, 7 Mordad
Vaziri kaenda kaskazini, baharini, na familia. Ufunguo anao. Kwenye simu, kwa adabu zetu zilezile, ati yuko radhi kufa kwa ajili yangu. Asife, alete ufunguo. Nimekwangua chupa ya zamani mpaka kizibo. Inatosha kioo kimoja. Sijala. Nimechoka na nafsi yangu.

Jumatano, 8 Mordad
Wamefika, wazee watatu. Umeme upo. Tone limedondoka kwa wakati wake. Kioo kiko kwenye sahani ya moto. Njano. Behrang anawamiminia chai, anawauliza habari za wajukuu. Bado njano.

Mwenyekiti kavaa miwani, kainama. Akauliza, "Ndiyo rangi yake hii?"

Daktari Mostofi, msimamizi wangu, anajua fika kwamba inatakiwa nyeusi. Akajibu, "Ndiyo hasa." Kisha akanigeukia. "Sivyo, binti Taraneh?"

Nimesema ngoja niandike joto kwanza. Badala yake naandika haya. Chai imewaishia. Wote wanaitazama kalamu —