Wanjiku Wawili, Cucu Mmoja

Ruiru, Jumanne

Mama Wairimu,

Kikombe chako bado kiko pale dirishani. Tangu tukuzike Thika hakuna aliyekinywea, hata mimi.

Nina jambo la kuungama. Ulipoondoka, bosi aliniambia nifupishe ripoti zako zote kwenye mfumo wetu wa kuripoti hitilafu. Unajua zilivyo. Mtu akipiga simu kwamba programu ya zahanati imekataa, ulimwandika neno kwa neno, mpaka kikohozi. Tulikucheka. Ulijibu tu, "Andika alivyosema. Mwingine atakuja akisema vile vile." Basi nikaanza kufuta maneno ya watu na kuweka ya kitaalamu. Wiki mbili nilifuta.

Jana nesi mmoja wa zahanati ya Kalimoni alipiga simu. Mbele yake alikuwa na mtoto, Wanjiku, mwenye homa kali. Mama ya mtoto alikumbuka kuna dawa iliyowahi kumvimbisha uso, na kwamba iliandikwa, ila jina lake hakulijua. Faili haikuwa na kitu. Nesi akasema hadungi sindano mpaka tumpatie jibu.

Nikatafuta kwenye ripoti: rekodi kupotea. Zikaja nyingi, hakuna iliyofanana na hii. Taarifa kufutika. Hakuna. Nilifikiri, Mama Wairimu, labda niliifuta mimi mwenyewe.

Halafu nikamsikia yule mama nyuma ya nesi, akiuliza, "Ama mmemchanganya na yule mwingine mwenye jina la cucu?"

Nikaandika neno moja tu. Cucu.

Ikatokea yako, kati ya zile ambazo sikuwa nimezifikia. Mwanamke mwingine, wa hapa Ruiru, alikuwa amekuambia: "Hawa ni watoto wa ndugu wawili, wote wameitwa jina la cucu yao, mama ya baba zao, na kompyuta yenu imewafanya mtoto mmoja." Chini yake umeeleza polepole, kama ulivyokuwa ukinifundisha, namna ya kuzitenganisha faili. Nikafuata, Wanjiku wawili wakatengana. Faili ya Wanjiku wetu ikafunguka, na jina la dawa likiwa pale. Ndiyo ile nesi aliyokuwa amepanga kumdunga.

Akapewa nyingine. Leo asubuhi nimeambiwa mtoto ameitisha uji.

Nililia kidogo, nikiwa nimegeukia dirisha. Nilitaka kukuita uje uone.

Nimemwambia bosi sifupishi tena. Akasema, "Basi rudisha." Nakala za zamani zipo. Nitarudisha maneno ya kila mtu, moja moja, mpaka kikohozi. Hiyo nakuahidi.

Na kikombe nitakiosha leo, nikinywee chai. Ulikuwa ukisema chai haimsubiri mtu.

Pumzika, Mama Wairimu. Ukiulizwa huko ni nani alikuwa akikaa meza ya pili kutoka kwako, nitaje.

Kimani