Nilidhani Ana Mwanamke Tarakea, Kumbe Anakwenda Kwenye Mashine ya Mawimbi

Mshauri Beatrice, shikamoo. Nakuandikia nikiwa na aibu na maswali, sijui kipi kimezidi, kwa hiyo nakuomba unisaidie kwa vyote viwili. Majina haya siyo yetu.

Naitwa Dominika, nina miaka arobaini na tisa, naishi Marangu na mume wangu Kornel ambaye amenizidi miaka sita na kazi yake ni kupandisha wageni mlimani, na watoto wetu wanne wote wameshaondoka nyumbani. Kwa karibu mwaka mzima Kornel alikuwa hanigusi, akipanda kitandani anageukia ukutani, nikimuuliza anasema amechoka, na mimi nikaamini kwa sababu mlima unachosha, lakini hata msimu wa mvua ambapo wageni ni wachache bado amechoka, halafu akaanza kupungua mwili, suruali zikawa zinamdondoka mpaka akatoboa mkanda tundu jipya, nikajiambia mwanaume wa umri huu hapungui bure, huyu anajipunguza kwa ajili ya mtu. Tena kila aendako ana chupa ya maji, anakunywa, anakunywa, nikadhani ndiyo mambo ya vijana ya kutunza ngozi.

Mwezi uliopita akaanza kushuka Moshi mjini kila Alhamisi, anasema kuna kikao cha waongoza watalii, mpaka nilipokutana na mwenzake Godlove nikamuuliza vikao vinaendeleaje, akanishangaa, "Vikao gani, shemeji?" Zamani Kornel aliwahi kufanya biashara ya mahindi Tarakea, basi nikamtengeneza mwanamke wa Tarakea kichwani mwangu, nikampa na sura, na Jumatano baada ya sala ya jumuiya nikawaeleza akina mama, nikalia, nao wakalia na mimi, na wifi yangu Doris alikuwepo akasikia yote.

Kesho yake nikapanda gari lililofuata la kwake. Nikamwona anaingia kwenye jengo moja nyuma ya soko, nikapanda ngazi na maneno yangu yote mdomoni, nikasukuma mlango, nikakuta benchi lina wanaume wanne wameinamia sakafu kama wanafunzi waliochelewa, na wa mwisho ni mume wangu.

"Yuko wapi?" nikamuuliza.

"Nani?"

"Huyo mwanamke wako!"

Hapo hapo mlango wa ndani ukafunguka, akatoka mwanamke wa Kihindi amevaa koti jeupe, akaita, "Kornel!" Mshauri, nilikuwa nimeshavua kandambili. Yule mama akanitazama, akauliza, "Wewe ndiye mke wake? Vizuri. Nimemwambia mara tatu aje na wewe."

Ni daktari, anaitwa Navneet. Tukaingia wote, na Kornel akaniambia bila kuniangalia, "Mwili umegoma, Dominika. Nilitaka nipone kwanza ndiyo nikuambie." Nilitamani ardhi inimeze. Daktari akanionyesha mashine, ina mkono kama wa kukaushia nywele saluni, nikauliza kama ni umeme unaompiga mtu, akasema hapana, ni mawimbi kama ya sauti, yanagonga nyama taratibu ili mishipa ya damu iamke na mingine midogo iote, na kwamba mawimbi ya aina hiyo yakiwa na nguvu zaidi ndiyo wanayovunjia mawe ya figo, na hata kisigino kinachouma wanakitibu nayo. Akaniwekea kiganjani. Ulinigonga tap tap tap kama mtu anayebisha hodi, hauumi, lakini unausikia mpaka kwenye mfupa. Nikauliza yakishaingia yanakwenda wapi, nikauliza kwa nini huko na kwenye kisigino watumie dawa moja, nikauliza mpaka Kornel akanikanyaga mguu. Daktari naye akamuuliza, "Ile karatasi ya kipimo cha sukari umeileta?" Akajibu, "Nimepima, daktari, nimeisahau tu." Mimi sikumbuki akipima.

Sasa naomba msaada. Kwanza, mawimbi haya yanatibu kweli au tunachezewa? Pili, na hili ndilo linaninyima raha, Doris ameshamfikishia mama mkwe, na Jumapili mama yake alikataa salamu ya Kornel mbele ya watu, na yeye mpaka leo hajui kosa lake. Nikisema hana mwanamke, wataniuliza Alhamisi anakwenda wapi. Nikisema ukweli nimemvua nguo kijiji kizima. Nikinyamaza anabaki mzinzi. Nifanyeje?

Dominika, Marangu

*

Dominika, marahaba. Wasomaji wajue kwanza kwamba sikungoja gazeti. Barua yako niliipata Ijumaa nikakupigia simu siku ileile, maana nilikuwa nesi miaka ishirini na minane kabla ya kuketi kwenye safu hii, na mtu anayepungua, mwenye kiu isiyokatika, na nguvu za kiume zinamwacha, huyo simweki mpaka wiki ijayo. Ukaniuliza, "Mama, kumbe kiu nayo ni ugonjwa?" Ndiyo, mwanangu. Jumamosi asubuhi mkaenda kupima, akatobolewa kidole, sukari iko juu sana. Kornel hakuwa amepima hata siku moja. Alimdanganya daktari kwa kuogopa kuzuiwa kupanda mlima. Mwanaume anayewapima wageni pumzi kila jioni, wakizidiwa anawashusha, ameogopa tone moja la damu yake mwenyewe! Mwambie nimesema hivyo.

Maswali yako nimeyapenda, wengi hulala kwenye kitanda cha daktari bila kuuliza chochote. Mawimbi hayabaki mwilini, yanapita na kuisha. Kinachobaki, tukibahatika, ni damu kupita vizuri zaidi. Yamewasaidia baadhi ya wanaume, hasa wale ambao tatizo lao ni mishipa ya damu na halijawa kubwa. Wengine hawakuona kitu, na wengine waliona nafuu ikaja ikaondoka. Wataalamu bado wanayachunguza, hawajakubaliana. Kwa mwenye sukari isiyotibiwa ni kama kupiga rangi ukuta ambao maji bado yanavuja ndani yake. Kwa hiyo daktari wenu hajawachezea, amefichwa. Atakayekuambia mashine inaponya kila mtu, huyo ndiye wa kumkimbia.

Mpelekee Daktari Navneet majibu ya kweli, na kuendelea au kusimama aamue yeye akiwa na karatasi mkononi. Kornel aanze dawa ya sukari, apimwe presha na moyo kabla hajagusa mlima tena, kwa sababu mishipa ya huko chini ni myembamba, huziba mapema na kutoa habari kwamba moyo nao unaweza kuwa hatarini. Vidonge vya kununua kichochoroni, marufuku. Pombe ya mbege apunguze, naye ajue sijasema kwa utani.

Sasa wewe. Ulimwona mumeo anakonda, badala ya kumpeleka hospitali ukamtafutia mwanamke, ukampa sura, ukampa na mji wa kuishi. Hofu yako naielewa, mwaka mzima wa kutazama mgongo wa mtu unaumiza. Lakini ulikuwa na mdomo wa kumuuliza Godlove na jumuiya nzima, ukakosa wa kumuuliza Kornel.

Leo leo, kabla hajasikia kwa mwingine, chukua jani la isale kama wazee wenu walivyowafundisha kuomba msamaha, umkabidhi, umwambie neno kwa neno ulichosema na kwa nini mama yake hakumpokea. Atakasirika. Mwache akasirike, usijitetee. Kisha nenda kwa mama mkwe peke yako, piga magoti, mwambie, "Mama, mwanao nilimsingizia." Mama aliyemnyima mwanawe salamu hatahitaji kueleweshwa zaidi ya hapo. Doris awepo, asikie.

Jumatano simama mbele ya akina mama, useme maneno hayo hayo. Usiongeze ugonjwa, usiongeze mashine, mwili wa Kornel si tangazo la kanisani. Wakikuuliza basi huwa anakwenda wapi, wajibu, "Tunakwenda wote," ukae chini.

Na Alhamisi uende naye kweli.