Barua ya Kumwombea Mbwa

Dada yangu Nyambura,

Leo nimemaliza kitabu kingine kilichoandikwa na mwanamke, na kabla sijakirudisha kabatini nimeuliza tena swali langu la miaka yote: aliketi wapi alipokiandika, na siku hiyo nani alimpikia? Sijui kwa nini waandishi wanaume siwaulizi hivyo.

Wewe najua ulipoketi. Uliketi juu ya debe lililopinduliwa, mlangoni pa nyumba yetu ya udongo, kwenye shamba la mzungu upande wa Keringet, mbwa amelalia miguu yako.

Mbwa huyo, Chifu, alikuwa amezeeka kabla mimi sijamaliza shule ya misheni. Ulimpa jina hilo kwa sababu alilala katikati ya njia na kila mtu akamzunguka: akina mama na vikapu vyao vya maua ya pareto, mkokoteni wa ng'ombe, hata nyapara. Mama alikuonya, "Usimwite kwa sauti, chifu mwenyewe atasikia." Ukamjibu, "Akisikia aje, tuone nani atampisha mwenzake." Ugali wa moto hakuugusa. Mvua ikinyesha ulimwita hadi ukachoka, naye alikutazama tu, akalowa kwa hiari yake.

Kisha nyapara akapita nyumba hadi nyumba: Bwana amesema kila mbwa wa wafanyakazi asiye na kazi apigwe risasi Jumamosi.

"Hilo jibwa lako halina hata meno," alikucheka.

"Na wewe umebaki na mangapi?"

Alipoondoka ulichukua penseli na kipande cha mfuko wa sukari. Shule nilipelekwa mimi. Wewe ulijifunza kwa kunichungulia begani wakati wa likizo, na nilipokuwa mbali wanawake wa kambi walikuletea barua za waume zao uzijibu. Hii ilikuwa mara ya kwanza kukuona ukiandika neno lako mwenyewe. Ukanikabidhi: "Mpelekee Bwana. Wewe huna mikono michafu kama yangu."

Niliisoma njiani. Uliandika kwamba mbwa huyu alilinda pareto ya Bwana siku tatu ulizolala na homa. Kwamba sasa meno yamekwisha na anabweka bure, kama wazee wote. "Wewe pia utazeeka, utabweka bure. Sikuombi umpende. Mwache amalize."

Niliogopa, dada. Nilikaa nyuma ya banda la kukaushia pareto, nikaandika nyingine kwa wino, kwa unyenyekevu tuliofundishwa: bwana mkubwa, mimi mtumishi wako. Hiyo ndiyo niliyompa. Aliisoma nusu, akaitupa mezani. "Barua kama hii napata kila siku. Kwenda."

Mkono wangu ukatoa yako. Aliisoma amesimama, halafu akaketi.

"Nani naandika hii?"

Nikasema, "Mimi, bwana."

"Mbwa nakaa," akasema, na karatasi yako akaitia mfukoni.

Haya yote sikukueleza. Nilikuambia Bwana amekubali, ukampigia Chifu vigelegele, naye hakuinua hata sikio. Nyapara ndiye aliyeeneza kambini kwamba msichana wa misheni amemshinda mzungu kwa kalamu, nami sikukanusha. Wanawake wakaanza kuleta barua zao kwangu. Wakaniita mwalimu. Wewe ulicheka: "Haya, mwalimu, basi na zangu utaniandikia." Nilidhani ni mzaha. Sikukuona tena na penseli.

Malori yalipokuja kutuhamisha sote kutoka shambani, Chifu alilala njiani kama kawaida, na dereva akalazimika kumzunguka. Yeye alikuwa na ruhusa ya kubaki. Wewe ulimtazama hadi kona, ukasema, "Angalau mmoja wetu ana kichwa kigumu cha kutosha." Hatukurudi tena. Wewe umezikwa kwenye ardhi ya kuazima, nami nimehama mara nyingi mno kuiita nyumba yoyote kwetu.

Nimefundisha, nimeandika kidogo, nimesoma wanawake wa nchi nyingi. Wengine wana sentensi kama zako, zisizopiga magoti. Kila nikikutana na moja husimama na kujiuliza: huyu alikuwa na mdogo wake? Mdogo huyo alisema nini alipoulizwa nani ameandika?

Jana niliwakusanya wajukuu nikawaambia aliyeandika ni wewe. Kisha nikaiandika barua yako upya, kadiri ninavyoikumbuka, nikaweka jina lako chini. Kati ya homa na meno palikuwa na sentensi moja ambayo imenipotea kabisa. Naweza kuitunga, nimekuwa nikitunga maisha yangu yote. Nimepaacha wazi.

Pumzika, dada.

Mdogo wako